Sindano ya insulini na msongo wa oksidi: inapotuliza na inapochochea

Seli ya msuli ina mlango unaofunguliwa na insulini. Sukari ikijaa kwenye damu na insulini haipo, mlango unabaki umefungwa na msuli unalala njaa. Seli inayotanda ukuta wa ndani wa mshipa wa damu haina kinga hiyo. Mlango wake wa sukari, GLUT1, haungoji insulini wala haujui kujibana damu inapozidiwa. Sukari ikipanda nje, ndani ya seli nako kunafurika. Seli za retina, za chujio la figo na za mishipa ya fahamu ziko vivyo hivyo. Ukitaka kujua kwa nini kisukari hushambulia macho, figo na nyayo kabla ya kitu kingine, anzia hapo.

Mafuriko hayo ndiyo yanayozaa msongo wa oksidi. Mwanabiokemia Mjerumani Helmut Sies aliipa hali hiyo jina mwaka 1985: vitu vinavyooksidisha vimeizidi nguvu kinga inayovizima. Watu wengi wakisikia hivyo hukimbilia vidonge vya vitamini. Insulini yenyewe hawaifikirii, ilhali ndiyo iliyo karibu zaidi na chanzo.

Elektroni zinapochopoka

Seli huchoma sukari ndani ya mitokondria. Kuchoma huko ni kupokezana elektroni kutoka protini moja hadi nyingine, mpaka mwisho wa foleni, ambako oksijeni huzipokea na kugeuka maji. Mafuta au sukari vikiletwa kwa wingi kuliko mahitaji, foleni inajaa. Baadhi ya elektroni huchopoka njiani na kuidaka oksijeni kabla ya zamu yake. Oksijeni iliyobeba elektroni moja ya ziada ndiyo supaoksidi, ya kwanza katika ukoo mrefu wa radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzi.

Supaoksidi kidogo ni jambo la kila siku. Kimeng'enya kiitwacho SOD huigeuza kuwa peroksidi ya hidrojeni, kisha katalasi na glutathioni peroksidasi huimaliza kwa kuifanya maji. Shida huanza inapozalishwa kwa kasi kuliko inavyozimwa. Inaikatakata DNA, na harakati za mwili za kuikarabati DNA zinakibana kimeng'enya kimoja cha katikati ya njia ya kuvunja sukari, GAPDH. Njia kuu ikishazibwa hapo, sukari inarudi nyuma na kumwagika kwenye vichochoro. Michael Brownlee, aliyeunganisha picha hii mwaka 2001, alionyesha kwamba vichochoro vinne vilivyokuwa vikichunguzwa kila kimoja peke yake kwa miaka mingi vinaanzia kwenye supaoksidi hiyohiyo.

Kichochoro kimoja kinastahili kutazamwa kwa karibu. Ndani yake sukari hugeuzwa kuwa sorbitoli, na kila molekuli inayogeuzwa hula NADPH moja. NADPH hiyohiyo ndiyo inayohitajika kuichaji upya glutathioni, askari mkuu wa seli dhidi ya peroksidi. Kwa hiyo sukari nyingi inamleta adui na papo hapo inamnyang'anya askari risasi. Kichochoro cha pili kinazalisha AGE, yaani sukari iliyonata kwenye protini na kuifanya ngumu na isiyofaa. HbA1c, unayopimwa kliniki ili kujua wastani wa sukari ya miezi kama 3, ni hatua ya mwanzo ya kunata huko, kwenye himoglobini. Viwili vilivyobaki huamsha vimeng'enya na vibadili protini vinavyobana na kuvujisha mishipa midogo.

Kwenye ukuta wa mshipa kuna hasara nyingine. Nitriki oksidi, gesi inayoulegeza mshipa, ikikutana na supaoksidi hugeuka peroksinitriti, kitu kikali kuliko vyote viwili. Hali ikiendelea, hata kimeng'enya kinachotengeneza nitriki oksidi hupotoka na kuanza kutoa supaoksidi.

Seli za beta za kongosho, zinazotengeneza insulini, zina katalasi na glutathioni peroksidasi chache mno zikilinganishwa na ini. Ndiyo maana kwenye kisukari aina ya 2 sukari ikikaa juu kwa muda, zenyewe hulegea, insulini inapungua, sukari inapanda zaidi. Mtu aliyegunduliwa akiwa na sukari ya juu sana akapewa insulini kwa wiki chache, mara nyingi seli zake hupata pumzi na huenda akarudi kwenye vidonge.

Insulini inagusa wapi

La kwanza liko wazi: inaondoa mafuriko. Kinachosahaulika ni kwamba inaondoa mafuriko mawili. Mbali na kuifungulia sukari mlango wa misuli na kulizuia ini lisimwage sukari usiku kucha, insulini huziamuru seli za mafuta ziache kuachia asidi za mafuta kwenye damu. Asidi hizo nazo huchomwa mitokondria na kuijaza foleni ileile. Mgonjwa wa aina ya 1, ambaye kongosho lake karibu halitengenezi insulini tena, akiishiwa insulini mpaka akapata asidi kwenye damu amezidiwa na yote mawili, na vipimo vya uharibifu wa mafuta ya seli hupanda sana wakati huo. Akitibiwa kwa insulini na maji, vinashuka.

La pili liko kwenye ukuta wa mshipa. Insulini ikishika kipokezi chake huamsha kimeng'enya cha nitriki oksidi, na mshipa unalegea. La tatu liko kwenye seli nyeupe za damu, ambazo nazo zina mtambo wa kuzalisha supaoksidi kwa makusudi, ili ziue vijidudu. Mwaka 2001 kundi la Paresh Dandona liliwapa watu wanene wasio na kisukari dripu ya insulini kidogo, huku sukari yao ikilindwa isishuke. Uzalishaji wa radikali kwenye seli zao nyeupe ulipungua. Sukari haikuwa imebadilika, kwa hiyo sifa hiyo ni ya insulini yenyewe.

Hapa panafunguka fundo lililowachanganya wengi. Mwaka 2006 Louis Monnier na wenzake wa Montpellier walipima kwenye mkojo kitu kiitwacho 8-iso-PGF2α, mabaki ya mafuta ya seli yaliyooksidishwa. Kwa wagonjwa wa aina ya 2 wasiotumia insulini, kilifuatana zaidi na kupanda na kushuka kwa sukari kuliko na wastani wake. Wengine waliporudia kwa wagonjwa wa aina ya 1, ambao sukari yao huyumba hata zaidi, uhusiano haukuonekana. Nani alikosea? Huenda hakuna. Mwaka 2010 kundi la Monnier lilitoa matokeo yanayoonyesha kwamba wanaotumia insulini, wa aina ya 1 na wa aina ya 2, wana kiwango cha chini cha mabaki hayo kuliko wanaotumia vidonge peke yake, na kwamba kuongeza insulini kulikishusha. Wagonjwa wa aina ya 1 wote wako kwenye insulini, kwa hiyo breki imeshakanyagwa kabla hujapima.

Lakini mabaki kwenye mkojo si mshtuko wa moyo. Utafiti wa ORIGIN, uliotangazwa mwaka 2012, uliwahusisha watu 12,537 wenye kisukari cha mapema au sukari iliyoanza kupanda, nusu wakapewa insulini ya muda mrefu. Baada ya miaka kama 6, magonjwa ya moyo hayakupungua wala hayakuongezeka. Haifai, basi, kumwanzishia mtu insulini kwa ajili ya kuondoa radikali tu. Anaanzishiwa kwa sababu sukari yake inaihitaji, na utulivu wa oksidi unakuja pamoja nayo.

Wala dozi kubwa zaidi haileti utulivu zaidi. Kwa mtu ambaye mwili wake unaikataa insulini, ule mkono wa ishara unaoamsha nitriki oksidi huzibwa kwanza, huku ule unaobana mishipa na kukuza seli ukiendelea kufanya kazi. Ukiongeza yuniti ovyo unaulisha mkono usiofaa, na uzito unapanda. Insulini ya muda mrefu ikishafika karibu yuniti 0.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku na sukari ya asubuhi bado haijatulia, au ya asubuhi iko sawa lakini HbA1c imegoma, tazama sukari ya baada ya mlo kabla ya kuongeza tena.

Mwili hukumbuka

Utafiti wa DCCT, wa mwaka 1983 hadi 1993, uliwagawa watu 1,441 wa aina ya 1 katika matibabu ya kawaida, HbA1c ikiwa karibu 9%, na ya kubana, karibu 7%. Ulipoisha, wote walishauriwa kubana, na makundi mawili yakakutana karibu 8%. Hata hivyo waliotangulia kubanwa waliendelea kuwa na macho, figo na mioyo bora kwa miaka mingi. AGE zilizonata kwenye kolajeni, protini inayodumu miaka, haziondoki sukari ikishuka leo, na alama za kikemia zilizowekwa juu ya DNA wakati wa mafuriko nazo hubaki. Kuchelewesha insulini kwa mtu anayeihitaji, eti "tujaribu kwanza mwaka mmoja", ni kuandika deni kwenye kolajeni.

Kinyume chake pia kina hatari. Mtu aliyekaa na HbA1c ya 12% kwa miaka akishushwa kwa kasi ndani ya miezi michache, retina yenye madhara huweza kuzidi kuharibika kabla ya kupata nafuu, na mishipa ya fahamu ya miguu huweza kuuma vikali. Apimwe macho kwanza, kisha ashushwe kwa awamu.

Sindano inapoleta mawimbi

Mengi yanayoharibu kazi hii hutokea kwenye ngozi na kwenye kichupa. La kwanza ni vinundu vya mafuta. Ukichoma sehemu moja kila siku, insulini huyakuza mafuta ya hapo mpaka pakawa na uvimbe laini usiouma. Kwa sababu hapaumi, mgonjwa anapapenda. Insulini ya kwenye kinundu leo inanyonywa nusu, kesho yote, kesho kutwa inachelewa saa mbili. Anaongeza dozi, siku moja anachoma kwenye ngozi nzima, sukari inaporomoka. Vinundu hivi huonekana vizuri kwa kupapasa kuliko kwa kutazama: paka sabuni au losheni, telezesha vidole kwa shinikizo, linganisha na ngozi ya pembeni. Ukihamia sehemu safi, usihamie na dozi ileile. Huenda ikahitaji kupunguzwa, kwa hiyo zungumza na kliniki na upime mara nyingi zaidi siku hizo. Kila tundu liwe umbali wa kama sentimita 1 au zaidi kutoka la jana. Sindano ya kalamu ya milimita 4 inawatosha karibu watu wazima wote, wembamba kwa wanene.

Kuchanganya. Insulini ya kati, NPH, ni nyeupe kama maziwa kwa sababu chembe zake zimeelea. Zikituama chini, mvuto wa kwanza unapata maji na wa mwisho unapata nguvu. Viringisha kichupa au kalamu kati ya viganja mara 10, kisha ipindue juu chini mara 10, mpaka weupe uwe sawa. Usiitikise kwa nguvu. Kama unachanganya na ya maji angavu ya muda mfupi kwenye bomba moja, vuta angavu kwanza, ndipo uvute ya maziwa. Ukigeuza utaratibu, tone la maziwa litaingia kwenye kichupa cha angavu na kukipunguza kasi siku zote zilizobaki. Insulini za muda mrefu zilizo angavu, kama glargine, hazichanganywi na kitu.

Kalamu nayo ina hila zake. Toa yuniti 2 hewani kabla ya kila dozi ili kuhakikisha njia iko wazi. Ukibonyeza mpaka sifuri, hesabu hadi 10 kabla ya kuchomoa, la sivyo sehemu ya dozi inabaki ikidondoka kwenye ngozi. Usiihifadhi kalamu ikiwa na sindano, maana hewa huingia na insulini huvuja. Anayetumia bomba asome maandishi: kichupa cha U-100, yaani chenye yuniti 100 kwa kila mililita, kinaendana na bomba la U-100 tu. Ukivuta U-100 kwa bomba lenye alama za U-40, mstari wa 20 unakuwa umebeba yuniti 50.

Akiba hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na iliyogandishwa hutupwa hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Iliyofunguliwa hukaa chini ya nyuzi 30, kwa kawaida siku 28. Joto haliiui kwa siku moja, linaidhoofisha pole pole. Mgonjwa huona sukari inapanda, anaongeza yuniti, anafungua kichupa kipya chenye nguvu kamili na dozi iliyoongezwa, na anaanguka. Angavu iliyopata ukungu, au ya maziwa iliyoganda kama vumbi ukutani mwa kichupa, isitumike.

Na muda. Insulini ya kawaida ya muda mfupi huchomwa dakika 30 kabla ya kula, ya kasi dakika 0 hadi 15. Ukiichoma ya kawaida ukiwa umeshakaa mezani, sukari inatangulia kupanda na insulini inakuja kushika kilele chakula kimeshapita. Wastani wa siku huenda ukawa mzuri, na seli za mshipa zimepata wimbi na bonde.

Kosa la kuchoma dozi juu ya nyingine ambayo bado inafanya kazi ni bora lihesabiwe. Mtu anatumia jumla ya yuniti 36 kwa siku. Kwa insulini ya kasi, gawanya 100 kwa 36: yuniti moja inamshusha karibu 2.8 mmol/L. Sukari yake ni 16, anaitaka 8, kwa hiyo yuniti 3. Saa moja baadaye anapima 14, anakasirika, anaongeza 3. Yuniti 6 mara 2.8 ni 16.8, zaidi ya sukari yote aliyokuwa nayo. Dozi ya kwanza ilikuwa haijamaliza kazi, kwani insulini ya kasi huendelea kwa saa 3 hadi 5, na ya kawaida zaidi ya hapo.

Kushuka, na kurudi juu

Sukari ikiwa chini ya 3.9, adrenalini hupanda, chembe za kugandisha damu hunata, na vipimo vya msongo wa oksidi huongezeka. Utafiti wa ACCORD ulipolenga HbA1c chini ya 6% kwa watu wa aina ya 2 walio hatarini kwa moyo, sehemu hiyo ilisimamishwa mwaka 2008 kwa sababu vifo viliongezeka.

Lililo geni kwa wengi ni kinachofuata baada ya kushuka. Antonio Ceriello na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba mtu aliyeshushwa akarudishwa kwenye sukari ya kawaida, mishipa yake hupata nafuu. Akirudishwa moja kwa moja hadi juu, msongo wa oksidi huzidi na mishipa huzidi kushindwa kufanya kazi yake. Kanuni ya 15, basi, si ya kubana matumizi. Chukua gramu 15 za sukari inayoyeyuka haraka, karibu vijiko 3 vya chai vilivyokorogwa kwenye maji, subiri dakika 15, pima, rudia kama bado iko chini ya 3.9. Njaa ya kushuka ni kali na inamsukuma mtu amalize kila kilichopo, ndipo anapojikuta 17 baada ya saa moja. Asiyeweza kumeza au aliyezimia asipewe kitu mdomoni: apelekwe hospitali, au achomwe glukagoni, homoni inayopandisha sukari, kama ipo.

Vidonge vya kuzuia oksidi

Vimejaribiwa. Katika utafiti wa HOPE uliotangazwa mwaka 2000, watu zaidi ya 9,000, zaidi ya theluthi yao wenye kisukari, walipewa vitamini E yuniti 400 kwa siku au kidonge kitupu, kwa zaidi ya miaka 4. Moyo haukufaidika. Vitamini huikamata radikali moja na kwisha, wakati mitokondria inazalisha nyingine kila nukta. Ni kufuta maji sakafuni bomba likiwa wazi. Isitoshe, insulini ikishika kipokezi, seli yenyewe hutoa peroksidi kidogo ili kukizima kimeng'enya ambacho kingeikata ishara. Radikali kidogo ni sehemu ya ujumbe. Mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake waliwapa watu vitamini C miligramu 1,000 na E yuniti 400 kila siku wakati wa wiki 4 za mazoezi, na ile faida ya mazoezi ya kuufanya mwili uitikie insulini ikapotea. Asidi ya alfa-lipoiki, miligramu 600 kwa siku, ndiyo yenye ushahidi kiasi, nao ni wa kupunguza maumivu ya mishipa ya fahamu tu.

Vitamini C ina hatari ya moja kwa moja pia. Baadhi ya vihisi vinavyobandikwa kwenye mkono huonyesha sukari ya juu kuliko ilivyo kwa mtu anayemeza zaidi ya miligramu 500 kwa siku, na dripu ya vitamini C huvipotosha vipima sukari vingi vya kidole. Mtu anachoma insulini kwa ajili ya sukari ambayo haipo.

Unachoweza kupima

Hakuna kliniki inayopima 8-iso-PGF2α kwa ajili ya matibabu, wala huna haja nayo. Mwenye kihisi alenge sukari iwe kati ya 3.9 na 10.0 kwa zaidi ya 70% ya siku, chini ya 3.9 isizidi 4%, chini ya 3.0 isifike 1%, na kipimo cha kuyumba kiitwacho CV kisizidi 36%. Mwenye stripu chache azitumie kwa jozi: moja kabla ya mlo, ya pili saa 2 baada ya kuanza kula, leo mlo huu, kesho mwingine, na pembeni aandike saa aliyochoma na sehemu ya mwili aliyochoma. Jozi 7 za namna hiyo humwonyesha daktari mengi kuliko vipimo 30 vya asubuhi. Ya kwanza ikiwa 6 na ya pili 14, papasa kwanza sehemu uliyochoma, angalia saa na tarehe ya kufungua kichupa, kabla ya kugusa idadi ya yuniti.